Kumrusha abiria bonde la Kerio: maagizo kwa rubani mpya wa tandemu

Ukishapata cheti cha tandemu, yaani cha kuruka na abiria kwa paraglaidi, bawa la kitambaa lisilo na injini, kubali kwanza kwamba abiria wako hatakusaidia kuogopa. Unaporuka peke yako, ule wasiwasi wa tumboni ndio unaokufanya uguse kifungo mara ya pili. Abiria hana huo. Hajui upepo mzuri ni upi, hajui karabina, kile kiungo cha chuma cha kuungia mikanda, ikifungwa sawasawa inaonekanaje, na hata ukimfunga ovyo atatabasamu na kuomba picha. Au anaogopa kupita kiasi, ila anaogopa yasiyo na hatari: mara kamba ni nyembamba mno, mara kitambaa chenyewe ni chepesi. Kamba zile haziwezi kukatika kwa uzito wenu. Kinachoua ni mkanda wa paja uliosahauliwa, na upepo ambao rubani aliuona mbaya akanyamaza kwa kuwa mtu ameshalipa.

Mifano yangu ni ya Iten, kwenye ukingo wa Elgeyo, kwa kuwa ndiko ninakorushia watu. Juu pale ni mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Ng'ambo unaiona milima ya Tugen. Ukingo unatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi hulipiga genge moja kwa moja, na kiangazi cha Desemba hadi Machi upepo hutoka mashariki na kulipanda. Ndiyo maana Januari na Februari Iten hujaa marubani wa Ulaya waliokimbia theluji. Ni mahali pazuri kuruka, tena panasamehe kidogo sana.

Kwanza, hewa ya huku ni nyepesi. Kwenye mita 2,400 hewa imepungua kwa kama moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, na bawa hulipa upungufu huo kwa mwendo: ili liwanyanyue, lazima mkimbie zaidi ya asilimia 10 kuliko ambavyo mngekimbia ufukweni. Mchana wa joto huongeza tena. Aliyejifunza tandemu penye vilima vifupi karibu na bahari hushtuka hapa, maana anakimbia hatua zake zilezile na ardhi haimwachii. Utadhani Iten, mji wa wanariadha, tatizo hilo halipo. Lipo, ila limegeuka. Mwanariadha anakimbia mbio zake mwenyewe, mwepesi, kifua wazi, anarukaruka, na kila anaporuka mkanda unalegea halafu unanivuta. Kwake nasema, "Kaka, leo hutafuti muda. Inama, vuta kama unasukuma gari lililokwama." Akielewa hapo, ndiye abiria bora kuliko wote.

Vifaa na mizani

Bawa la tandemu lina ukubwa wa mita za mraba 38 hadi 42 hivi, na limeshonewa kibandiko kinachotaja EN 926, kipimo cha Ulaya cha mabawa, pamoja na uzito wa chini na wa juu. Soma kibandiko hicho, usisome tangazo la muuzaji. Mabawa mengi ya tandemu mwisho wake ni karibu kilo 220. Uzito huo ni wa kila kitu kinachopaa: wewe, abiria, hanesi mbili (viti vya mikanda mnavyovaa), bawa lenyewe, mwavuli wa akiba (parachuti ya dharura), maji, simu, viatu.

Mimi nina kilo 62. Vifaa vyangu vyote ni kama kilo 20. Kwa hiyo hesabu ya karatasi inaniruhusu kumbeba jitu la kilo 130, na kuna wanaume waliosimama mbele yangu wakasema, "Dada, kweli wewe ndiye utanirusha?" Jibu langu ni mizani ya bafuni ninayobeba kwenye gari. Bawa lingembeba. Miguu yangu ndiyo isingeweza kumzuia akijikwaa, wala kumsimamisha wakati wa kutua. Sichukui aliyezidi kilo 85 upepo ukiwa dhaifu. Wewe jiwekee kikomo chako na ukiandike, kwa sababu ukikiacha kichwani kitapanda kila mteja mnene anapokuja na marafiki zake. Kinyume chake pia ni hatari: mtoto wa kilo 25 siku yenye hewa ya kuchemka hulifanya bawa kubwa liwe jepesi, lirushwe ovyo na likunjike kwa urahisi. Watoto ni asubuhi tulivu tu, na mzazi awepo, akubali kwa mdomo wake na kwa saini.

Mwavuli wa akiba uwe wa tandemu. Nimeona hanesi zenye mwavuli wa mtu mmoja zikipelekwa kazini kwa maelezo kwamba "haujawahi kutumika." Kipimo cha EN 12491 kinadai mwavuli usishuke kwa kasi zaidi ya mita 5.5 kwa sekunde ukiwa na uzito ulioandikwa, ambayo ni sawa na kuruka kutoka ukuta wa mita moja na nusu. Ukiuongezea mtu wa pili, ukuta huo unarefuka. Ufunguliwe, upigwe hewa na kukunjwa upya angalau mara moja kwa mwaka, na kwa vumbi la Kerio mimi hufanya hivyo mara mbili. Hanesi yako mwenyewe itundike kwenye tawi imara la mwembe, keti, na uvute mpini mpaka mkono uukute bila macho. Abiria akiwa mbele yako nafasi ya mkono hubadilika, kwa hiyo fanya zoezi hilo mkiwa wawili.

Kuhusu jua: bawa lililotandazwa ukingoni likisubiri abiria wanaokunywa chai linazeeka bure. Miale ya jua hula kitambaa, hewa ikaanza kupenya, na bawa la namna hiyo huinuka kwa uvivu na kutaka kubaki nyuma. Likusanye, lifunike. Mbuzi nao wana desturi ya kuonja kamba.

Karatasi nitazipitia haraka. Anga la Kenya liko chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Hakikisha wewe na mwenye biashara mnajua mnaruka kwa kibali gani. Cheti chako kiwe cha tandemu hasa, kutoka mfumo unaotambulika kama APPI, BHPA ya Uingereza au DHV ya Ujerumani. Kuruka vizuri peke yako hakuhesabiki. Bima ya abiria na ya mtu wa tatu iwe hai. Na uliza habari za ndege za siku hiyo, maana helikopta hupita bondeni, hasa msimu wa siasa.

Upepo, na fedha

Ninapofika ukingoni sitandazi kitu. Nashika kipimo cha upepo na kutazama soksi ya upepo, majani na moshi wa bondeni kwa muda wa kutosha kuona vipindi viwili vitatu vya upepo kupanda na kushuka. Ninachotafuta ni upepo wa kilomita 10 hadi 20 kwa saa unaokuja usoni, usiopandapanda. Ukiwa 12 halafu ghafla 24 kisha ukarudi 12, namba ya katikati ni nzuri lakini siku ni mbaya. Ukifika 25 mimi nimeshakunja.

Sababu ni hesabu rahisi. Bawa la tandemu huenda kilomita 38 hivi kwa saa trima (vibano vya mikanda vinavyorekebisha mwendo wa bawa) zikiwa zimefungwa, na ukizifungua unapata chache zaidi. Upepo hubanwa na kuongeza kasi unapovuka ukingo wa genge, kwa hiyo unaopima 28 mbele unaweza kuwa karibu na mwendo wa bawa lako mita 50 juu ya kichwa chako. Hapo unasimama hewani, halafu unarudi nyuma. Nyuma ya ukingo kuna mashamba, nyaya za stima, na hewa iliyovunjika inayobingirika kuelekea chini. Hakuna rubani hodari huko nyuma.

Upepo mdogo nao una yake. Chini ya kilomita 8, abiria mzito na hewa nyepesi ya huku, mtakimbia mpaka mwisho wa nyasi bila kupaa. Subiri au ahirisha.

Saa ni jambo la kuamua kabla ya kupokea simu ya mteja. Asubuhi, jua likishalipasha genge lakini bonde halijachemka, ndiyo saa ya abiria. Adhuhuri mikondo ya hewa moto inakuwa na nguvu, na hiyo waachie wanaotafuta kilomita wakiwa peke yao. Alasiri jua likishahamia upande wa pili, magenge hupoa na mara nyingi hewa inalainika tena. Muda wote huo itazame Tugen. Mawingu yakianza kurefuka juu yake, tumbo likiwa jeusi na pazia la mvua likining'inia, upepo wa baridi unaweza kulivuka bonde kabla hujamaliza kumvalisha mtu. Siku hiyo imekwisha, hata kama jua linawaka Iten.

Sasa fedha. Mtu ametoka Nairobi usiku kucha, ana siku moja tu, gari linamngoja, na ni siku ya kuzaliwa kwa mchumba wake. Ukiwa umeshapokea hela yote, na pengine umeshanunulia mafuta, utaanza kuuona upepo wa 26 kama 22. Dawa yangu ni kutopokea malipo juu. Nachukua akiba ndogo ya kushikia nafasi, inayorudishwa kwa M-Pesa palepale nikiahirisha, na kilichobaki nalipwa chini, tukishatua. Wenzangu wengine hunicheka kwamba kuna watakaonikimbia bila kulipa. Sijali. Hasara ya namna hiyo naiweza.

Nikikataa siku, sisemi "tuone baada ya nusu saa" kama najua haitawezekana. Nasema, "Leo hatuendi. Pesa yako hii hapa." Mteja hukasirika, kisha anakunywa chai.

Kumfunga abiria

Sehemu hii isomwe polepole.

Kabla ya chochote uliza, na uulize faraghani: mgongo, moyo, kifafa, upasuaji wa karibuni, ujauzito. Mwanamke hatajibu swali la ujauzito mbele ya shemeji zake. Anayenuka pombe harudishwi kwenye foleni, anarudi nyumbani. Viatu viwe vya kufunga kamba, vinavyoshika kifundo kama vipo. Ndala na viatu vya kuvua haraka vibaki juu. Leso, mtandio na vito virefu vitolewe au viingizwe ndani ya nguo. Simu ifungwe kwa kamba au iwe mfukoni wenye zipu. Fimbo ya kujipigia picha siruhusu kabisa, maana inatafuta kamba za bawa kama ilivyoumbwa kwa kazi hiyo.

Helmeti ndiyo inayovaliwa kwanza na kuvuliwa mwisho. Hanesi ikigusa mabega, helmeti iko kichwani tayari. Kisha mapaja, kisha kifua, kwa mpangilio huo kila siku, usiugeuze ili kumfurahisha mtu. Mapaja ndiyo uhai. Mtu aliyefungwa kifua peke yake anasimama vizuri kabisa ardhini, anaonekana kamili, na bawa likimnyanyua anateleza chini kupitia hanesi. Ukigundua mkiwa hewani, hakuna njia ya uhakika ya kumrudisha. Siku hizi zipo hanesi ambazo kifua hakifungiki mpaka mapaja yafungwe. Ukipata hizo nunua. Lakini usiache kugusa.

Kugusa ni hivi. Piga goti mbele yake. Ingiza vidole viwili chini ya mkanda wa paja la kulia, vuta kwa nguvu kuelekea chini na nje, sikiliza kifungo kikibaki kimya. Kushoto vivyo hivyo. Koti refu likifunika kifungo, lipandishwe au livuliwe, kwa sababu jicho linaamini kilicho chini ya koti bila kukiona. Halafu mwambie avute mwenyewe na atamke kwa sauti: "Kulia imefungwa. Kushoto imefungwa. Kifua kimefungwa." Wengi hucheka wakitamka. Hiyo ni sawa, wakicheka wameshasikia.

Na ukikatizwa, anza upya tangu mwanzo. Simu, upepo kutulia, mtu kuja kupiga picha, jaribio la kuruka lililoshindikana: yote hayo ni kukatizwa. Kuna mama mmoja wa makamo nilikuwa nimeshamfunga kila kitu, upepo umekaa vizuri, akaniinamia sikioni: "Binti yangu, nifungulie kidogo hapa mapajani nikajisaidie." Sikumfungulia mapajani. Nilimvua hanesi yote, nikaiweka chini, nikamwonyesha choo. Aliporudi alikuwa na haraka ya kunifurahisha, ameshajitwisha hanesi na kufunga kifua mwenyewe. Nikakifungua. "Hata helmeti tunaanza tena?" "Hata helmeti, mama." Mikanda ya mapaja ilikuwa inaning'inia nyuma ya magoti yake, imefunikwa na sketi yake ndefu.

Kuunganishwa na bawa kuna kanuni moja: abiria asiwe ameungwa na bawa bila wewe, hata kwa sekunde moja. Rubani anajifunga kwanza kwenye spreda, kiungo kinachowaunganisha ninyi wawili na bawa, kisha anamfunga abiria. Mkishatua, abiria anafunguliwa kwanza, rubani anajifungua mwisho. Upepo ukilishika bawa katikati ya shughuli hiyo, lazima awepo anayejua kulishusha. Tazama karabina zote kwa kidole: zimefungwa, zimejifunga kufuli, hazijageuka upande. Spreda zisipishane, na raiza, ile mikanda inayoshika kamba za bawa, zisiwe zimejisokota. Zungusha macho kwenye bawa na kamba, tazama anga na nyuma yako, tazama soksi mara ya mwisho.

Kutoka ukingoni

Amri zangu ni nne, na nazifundisha kabla hatujaungwa: tembea, vuta, kimbia, usiketi. Ziwe katika lugha anayoiota. Baadhi ya wazee wa Keiyo wanaokuja kuliona bonde lao kutoka juu Kiswahili wanakisikia vizuri, lakini kwenye msukosuko kinawatoka. Mtafute kijana wao awafundishe amri hizo kwa Kikalenjin, na wewe uzishike.

Inayokiukwa zaidi ni ya nne. Abiria anahisi mkanda ukimnyanyua, anadhani kazi imekwisha, anakunja miguu na kuketi. Uzito wake wote unarudi kwenye miguu yako, bawa linapungukiwa mwendo, na mnapita ukingoni makalio yakikwangua mawe. Ndiyo maana nasema, "Kimbia mpaka nikwambie nyamaza miguu. Hata ukiona unakimbia hewani, kimbia." Mikono yake ishike mikanda yake ya mabega, isishike raiza, isishike mikono yangu, wala mpini mwekundu wa mwavuli, ambao namwonyesha mapema ili autambue na asiuguse.

Bawa likiinuka upande au kamba ikiwa imejifunga, acha. Vuta breki zote, mwambie asimame. Hakuna aibu kuacha mara tatu mbele ya umati. Kuna aibu kupaa na fundo ulilolitazama.

Hewani

Geuza kwanza mbali na genge. Usimsaidie kukaa vizuri kitini mpaka muwe na nafasi kubwa chini na pembeni, kwa kuwa kumsaidia kunakuondoa mkono kwenye breki. Mkipita kando ya genge na kukutana na rubani mwingine uso kwa uso, mwenye genge upande wake wa kulia ndiye mwenye haki. Yule mwingine apishe. Penye mkondo wa hewa moto, zunguka upande aliouanza aliyetangulia. Tai nao wanahesabika kama waliotangulia, na wanajua kuliko sisi.

Ongea na abiria. Anayeuliza maswali yuko salama. Anayenyamaza ghafla na kumeza mate anakaribia kutapika: acha kuzunguka, nyoosha mwendo, mwambie atazame milima ya Tugen na si magoti yake, na mfuko uwe karibu. Dakika 15 hadi 20 zinamtosha mtu wa mara ya kwanza. Ukimrefushia ili apate thamani ya fedha yake, anatua akiapa kutorudi.

Kuna watakaokwambia "zungusha kidogo!" kwa sababu wameona video. Kataa. Bawa la tandemu likiingia kwenye mzunguko wa kushuka huongeza kasi upesi, na nguvu inayowabana kitini inaweza kufika mara tatu au nne ya uzito wenu. Mtu ambaye hajawahi anaweza kuzimia, na sasa uko peke yako na mwili uliolegea. Ukihitaji kushuka kweli, kunja masikio ya bawa, yaani ncha zake, pande zote mbili na uondoke penye hewa inayopanda.

Kutua

Chagua uwanja mapema ukiwa bado na urefu wa kubadili nia. Bonde lina migunga yenye miiba, miembe, nyaya za stima kando ya barabara ya Iten kwenda Kabarnet, na mizinga ya magogo iliyotundikwa kwenye miti. Wazungu huogopa miiba. Mimi naogopa mizinga, kwa sababu mwenye hanesi hawezi kuwakimbia nyuki. Upande wa Rimoi ni hifadhi na ndovu wako humo, kwa hiyo usijiachie kupeperushwa huko ukitafuta kiwanja. Adhuhuri kisulisuli huinuka kwenye ardhi kavu bila kupiga hodi. Ukikiona chini, kipe nafasi kubwa, hata kama uwanja wake ndio bora.

Kama mita 50 kutoka ardhini mtoe abiria kitini, miguu chini, na umkumbushe: "Tukigusa, kimbia." Trima zimefungwa, mmeelekea upepo, hakuna kona ya chini ya dakika za mwisho. Breki za tandemu ni nzito, zivute zote mbili kwa pamoja na mpaka mwisho, kwa wakati, maana hewa ya bonde yenye joto inakufikisha kwa kasi. Abiria ambaye magoti yake hayawezi kukimbia mwambie ainue miguu juu na mteleze kwa hanesi, lakini kwenye nyasi tu, na muwe mmeliongea juu.

Mpango wa ajali uwe umewekwa asubuhi: mtu juu mwenye redio, mtu bondeni mwenye gari, namba za simu zimejaribiwa penye mtandao. Kisu cha kukatia kamba kiwe mahali mkono unafika. Hospitali kubwa ya rufaa ni ile ya Moi kule Eldoret, kilomita 35 hivi kutoka Iten, na kabla ya hizo kuna kona zote za kupanda kupitia Tambach. Aliyeumia mgongo hapandishwi bodaboda hata kama ndiyo usafiri wa kwanza kufika. Alale, afunikwe jua, helmeti ibaki.

Watoto watafika kabla hujavua glavu. Wanakimbilia kamba, wanazikanyaga, na bawa likijaa upepo linaweza kumburuta mdogo. Libane chini haraka, wapange mstari, wape kazi ya kutoa miiba kwenye kitambaa. Sitoi hela kwa anayekimbia kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo inayowatoa darasani wakiona bawa angani. Saa za shule natua mbali na shule. Ukikanyaga ndengu au mahindi ya mtu, mtafute mwenye shamba siku hiyohiyo mkubaliane, usimtumie kijana.

Kurudi juu chukua bodaboda mbili. Bawa na hanesi visibanwe kati ya abiria na dereva, kwa sababu mpini wa mwavuli wa akiba hunasa kwenye kitu njiani na pini zikavutika nusu. Ukifika Iten, kabla ya kumvalisha anayefuata, fungua kifuniko na uzitazame pini moja moja.